UMENUNUA NYUMBA "MTUMBA"? RANGI IWE YA MWISHO KABISA!

Juzi kuna mshikaji kaniuliza, kaka yake kanunua nyumba kule Chanika, nyumba iliyokwisha kukaliwa na watu, bado hawajahamia. Waanze na nini? Nikamwambia jibu lake refu, bora niliandike na wengine mlione. Mimi siyo fundi, nimemaliza form four basi. Ila mwaka 2022 maza alipopata kiinua mgongo chake akanunua nyumba Mbagala, na mimi ndiye niliyekaa na mafundi wiki tatu mfululizo.

Nyumba yenyewe vyumba vitatu na sebule, ilikuwa imekaa tupu miezi saba. Kodi ya kule tulikopanga ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi, na hela iliyobaki ni laki tisa tu. Maza akasema rangi kwanza, maana ndugu wa Tanga wanakuja, watatuonaje? Basi nikanunua rangi, sebule ikapigwa, ikang'aa ile mbaya! Siku mbili mbele fundi umeme akaichimba kwa tindo kutoka darini mpaka chini. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia achimbe.

Ilikuwa hivi. Mdogo wangu wa darasa la tatu alienda kunawa miguu bafuni, akashika mlango wa chuma, akapiga yowe. Anasema mlango umemng'ata. Nikaenda na kandambili zangu, nikagusa kwa nyuma ya kidole, kweli nikasikia kama mchonyoto. Mzee jirani nikamsalimia, shikamoo, nikamsimulia. Akacheka, akasema hata wale waliohama walikuwa wanasema mlango ule una majini. Majini wapi! Fundi alipokuja akakuta waya wa taa ya bafuni umepita nyuma ya fremu ya mlango, plastiki yake imechunika, shaba inagusa chuma. Na ule waya wa ethi unaotakiwa kutoka kwenye swichi kubwa kwenda kwenye chuma kilichochimbiwa ardhini, haupo. Umekatwa. Shaba ile wauza chuma chakavu wanaipenda sana.

Sasa hapa tuelewane, maana wengi tunadhani ethi ni mapambo. Umeme ukivuja ukaingia kwenye chuma, unatafuta njia ya kwenda ardhini. Waya wa ethi ukiwepo na mzima, unapita humo. Usipokuwepo, chuma kinakaa na umeme kimya kimya kikikusubiri wewe uwe njia. Ukivaa kandambili kavu utasikia mchonyoto tu. Ukiwa peku kwenye sakafu yenye maji, unaweza kufa. Ile swichi ya kawaida haitakuokoa, kwa sababu inakata umeme ukizidi sana, na umeme wa kumuua mtu ni mdogo mno kwake. Kinachosaidia ni kifaa kinaitwa RCD, kinalinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Ukipungua kama miliampia 30 kinakata papo hapo. Kina kitufe cha kujaribia, kibonyeze mwenyewe. Kisipokata, hicho ni pambo.

Nyumba yetu ilikuwa na nyaya mbili mbili tu, ya tatu hakuna. Ndiyo maana sebule ikachimbwa, kupitisha nyaya mpya zenye ethi. Mtafute fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuoneshe hiyo leseni, usione haya. Nyaya za taa ziwe 1.5, za soketi 2.5. Hapo ndipo laki tisa yetu ilipoyeyuka nusu nzima, na rangi ya sebule ikaenda bure.

Kwa hiyo mshikaji wangu, mwambie kaka yako kila kazi ya kuchimba, kumwaga maji na kunukisha dawa iishe wakati nyumba haina hata kijiko. Bati kwa mfano. Panda darini mchana, zima tochi, angalia juu. Palipo na kinyota cha mwanga ndipo masika itakapoingia. Mara nyingi ni misumari ya zamani, raba zake zimekufa. Sisi tulibadilisha misumari tu, bati likabaki lilelile.

Mchwa nao! Gonga fremu za milango kwa mpini wa kisu. Ikilia kama ngoma, wameshakula ndani, imebaki ngozi. Dawa yake imwagwe kabla ya marumaru, na watoto wasiingie mpaka siku zilizoandikwa kwenye kopo ziishe. Ukishahamia, utapiga dawa wapi na vitanda viko kila chumba?

Choo pia ukague, fungua mfuniko wa shimo uangalie. Likiwa limejaa, lete gari la kunyonya kabla hujajenga ukuta wa uani, maana gari lenyewe linahitaji pa kupita. Kuna simtanki pia, na hili watu wanalichezea. Lita 1,000 za maji ni kilo 1,000, yaani tani moja iko juu ya kichwa chako. Mnara tulioukuta ulikuwa wa mbao, tulipoutikisa ukayumba. Tukashusha tanki chini kabisa, tunachota kwa ndoo mpaka leo, poa tu.

Vitasa badilisha siku ileile unayopewa funguo. Hujui funguo nyingine anazo nani.

Halafu LUKU. Tuliponunua umeme mara ya kwanza yuniti zikaja pungufu, maza akanishuku mimi, he he he! Kumbe tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa humo humo, wakati huo sh 1,000 kwa mwezi, na miezi saba ambayo hakuna aliyenunua umeme ikakatwa yote kwa mpigo. Bili ya maji nayo mdai muuzaji akuoneshe kabla hujammalizia hela yake.

Ndugu wa Tanga walikuja, wakakuta sebule ina kovu la saruji kutoka juu mpaka chini. Shangazi akauliza, mbona hamjamaliza? Maza akamwonesha mlango wa bafuni, akamwambia shika. Akashika.

Kilichotushinda ni ukuta wa chumba cha nyuma. Unatoa chumvi nyeupe kama unga, tumekwangua, tumepiga plasta upya, miezi mitatu imerudi. Fundi mmoja anasema mchanga ulikuwa wa baharini, mwingine anasema unyevu unapanda kutoka kwenye msingi. Kama kuna mdau yalimkuta haya na akapona, atuambie hapo chini alifanyaje.