Mmemaliza Picha ya Almasi? Subirini Kwanza, Msikimbilie Gundi!

Kati ya vitu ambavyo wapenzi wanaweza kufanya pamoja bila kutoka nyumbani, picha ya almasi ina utamu wake. Simu zinawekwa pembeni, televisheni inazimwa, mnakaa mezani na kubandika kito kimoja kimoja huku mkipiga stori. Wiki zinapita, sura zinaanza kujitokeza, na siku moja kito cha mwisho kinaingia mahali pake. Shangwe! Lakini baada ya shangwe huja swali: sasa tutaitunzaje isije ikaanza kupukutika ukutani?

Wengi wakifika hapo hukimbilia kopo la vanishi au chupa ya gundi. Taratibu, mpenzi msomaji. Ukishapaka, umepaka. Kito kilichokaa upande hukirekebishi tena, na mng'aro ukififia haurudi. Ndiyo maana uamuzi huu unahitaji mazungumzo ya wawili, siyo mmoja kuamka asubuhi na brashi mkononi.

Picha yenyewe ikoje?

Kwa wale ambao bado hawajakutana nayo, picha ya almasi ni kitambaa kigumu chenye gundi na mchoro uliogawanywa katika vyumba vidogo. Kila chumba kina alama, na kila alama ina rangi yake. Unachovya kalamu maalumu kwenye nta, unanasa kito, unakibandika. Usidanganyike na jina, hakuna almasi ya Mwadui hapo. Vito hivyo ni vya plastiki au resini iliyochongwa ili imetemete. Vifurushi vingi hutengenezwa China, na rangi mara nyingi hufuata namba za nyuzi za kudarizi za DMC, kampuni ya Ufaransa iliyoanzishwa mwaka 1746.

Siku hizi unaweza hata kutuma picha yenu ya harusi mkatengenezewa kifurushi chake. Na kazi siyo ndogo! Vito vya mraba vina upana wa milimita 2.5 hivi. Picha ya sentimita 40 kwa 50 iliyojazwa yote inameza vito kama 32,000. Hebu fikiria mikono yenu imeinama na kuinuka mara ngapi hapo. Ndiyo maana inauma ikiharibika.

Kwa nini vito hudondoka?

Mara nyingi kosa siyo kukosa vanishi. Kito hudondoka kwa sababu hakikushika vizuri tangu mwanzo. Labda kilikaa juu ya kona ya mwenzake, labda vumbi au nywele iliingia chini yake, labda gundi iliachwa wazi siku nyingi ikapoteza nguvu. Vanishi haitibu hayo, inayafunika tu. Kwa hiyo fanyeni haya kwanza:

1. Kagueni mistari. Washeni taa pembeni ya picha ili kivuli kiwaonyeshe vito vilivyoinuka au kupinda. Vya mraba vinyoosheni taratibu kwa rula. Nywele na nyuzi zitoeni kwa kibano.

2. Gandamizeni. Funikeni picha kwa karatasi yake laini, kisha pitisheni mti wa kusukumia chapati juu yake kwa nguvu ya wastani. Baada ya hapo lazeni vitabu vizito kwa siku moja au mbili. Hatua hii peke yake huokoa picha nyingi.

3. Safisheni. Nta ya kalamu huacha ukungu juu ya vito. Futeni kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo tu, kisha acheni picha ikauke kabisa. Mkipaka juu ya uchafu, mnaufungia humo humo moja kwa moja.

Kupaka au kutopaka?

Hapa ndipo wapenzi wengi hugawanyika. Mmoja anataka picha imetemete taa ikiwashwa. Mwingine anataka idumu, watoto wa shangazi wakija wasiichokonoe. Wote wana haki. Picha ya almasi si lazima ipakwe chochote. Iliyogandamizwa vizuri na kuwekwa kwenye fremu inaweza kukaa salama bila vanishi. Kupaka kuna maana zaidi kama itatundikwa bila kioo mahali ambapo watu hupitapita, au kama gundi ya kitambaa ilikuwa dhaifu tangu mwanzo.

Mkiamua kupaka, njia kubwa ni mbili.

Ya brashi: hii ni vanishi au gundi ya maji, mfano Mod Podge, inayoonekana nyeupe ikiwa mbichi na kuwa angavu ikikauka. Inashika vito vizuri kwa sababu huingia kwenye nafasi zilizo kati yao. Ubaya wake, ikipakwa nzito hutuama kwenye mifereji na kuacha ukungu mweupe. Pakeni nyembamba, acheni ikauke, kisha rudieni kwa mwelekeo mwingine. Hata ikionekana kavu, kukomaa kabisa huchukua wiki nne hivi, kwa hiyo msiifunge wala kuibandikia kitu juu mapema.

Ya kupuliza: vanishi ya akriliki ya kopo huweka tabaka jepesi, na kwa kawaida mng'aro haupungui sana. Ila haishiki vito kwa nguvu kama ya brashi. Simameni nje, kopo likiwa umbali wa sentimita 30 hivi, na mpulize mara kadhaa nyepesi badala ya mara moja nzito. Hewa yake ni kali na inashika moto haraka, kwa hiyo siyo jikoni kwenye jiko la gesi, na siyo chumbani alikolala mtoto.

Wasomaji wetu wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar, hili ni lenu: unyevu ni adui. Vanishi ya kupuliza ikikutana na hewa nzito ya masika inaweza kugeuka nyeupe, na gundi ya brashi ikabaki inanata. Chagueni siku kavu na msubiri zaidi ya muda ulioandikwa kwenye kopo.

Njia yoyote mtakayochagua, ijaribuni kwanza. Chukueni vito vilivyobaki, vibandikeni kwenye kipande cha pembeni cha kitambaa, pakeni, ngojeni siku moja. Kama picha yenu ina vito maalumu vyenye rangi za upinde wa mvua, kuweni waangalifu zaidi, kwani vanishi inaweza kuvifubaza kuliko vingine. Na tafadhali, dawa ya kupuliza nywele siyo vanishi. Aliyekuambia ni sawa hakutakii mema.

Fremu na kioo

Kioo huzuia vumbi na vidole, hivyo picha iliyo nyuma ya kioo haihitaji kupakwa. Gharama yake ni mng'aro, maana kioo kina mwako wake unaoshindana na wa vito. Mkikitaka, mwambieni fundi wa fremu aache nafasi ndogo kati ya kioo na picha, kisigandamize vito. Msipokitaka, bandikeni kitambaa juu ya ubao mwembamba ulionyooka kabla ya kukitia kwenye fremu, kwa sababu kitambaa kinachopinda ndicho kinachorusha vito. Ukingo wenye gundi iliyo wazi ukunjeni nyuma, la sivyo utakusanya kila vumbi la mtaa.

Itundikwe wapi?

Jua la moja kwa moja hufifisha rangi, na baadhi ya vanishi hugeuka njano. Joto hulainisha gundi ya chini, vito vikaanza kuteleza. Kwa hiyo siyo mkabala na dirisha la magharibi, siyo juu ya jiko, siyo karibu na bafu. Ukuta wa ndani wa sebuleni, taa ikimulika kwa pembeni, ndipo picha hii inapojidai. Vumbi liondoeni kwa brashi laini kavu.

Na kama fremu inasubiri mwisho wa mwezi? Ihifadhini ikiwa imelala, karatasi yake ikiwa juu. Ikibidi kuviringisha, vito vitazame nje. Vikitazama ndani husukumana na kutoka. Wala msiiache kwenye buti la gari juani.

Mkae mkubaliane

Kabla ya kufungua kopo, jibuni maswali matatu mkiwa pamoja. Itakaa wapi? Nani ataigusa? Mnathamini nini zaidi, kumetameta au kudumu? Mkipata jibu moja, njia itajionyesha yenyewe. Mkishindwa kukubaliana, anzeni na fremu bila kupaka kitu. Vanishi mnaweza kuipaka hata mwakani, lakini iliyokwishapakwa haitoki. Mwenzako aliyebandika vito 16,000 ana haki ya kuulizwa.

Kazi kwenu, wapenzi!