Orodha Nyeupe na Orodha Nyeusi katika Kuchuja Barua Pepe

Katika Sakina, kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, zimo ofisi za kuwapeleka wageni Serengeti, Ngorongoro na Mlima Meru. Wageni hao huandika kwa barua pepe kutoka ng'ambo. Barua ya mgeni ikidhaniwa kuwa taka na kutupwa, safari imepotea. Na barua ya mwizi ikipokewa kama ya rafiki, fedha zimepotea.

Tatizo hili si geni. Tarehe 3 Mei 1978, Gary Thuerk wa kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani alipeleka tangazo la kompyuta kwa watumiaji wapatao 400 wa mtandao wa ARPANET. Hiyo huhesabiwa kuwa barua taka ya kwanza. Katika Tanzania, kifungu cha 20 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kimekataza kupeleka ujumbe usioombwa kwa nia ya kutenda kosa.

Je, barua huchujwaje? Chujio hufanana na askari wa geti mwenye madaftari mawili. Daftari moja, yaani orodha nyeupe, lina majina ya watu wa kupitishwa bila kuulizwa. La pili, yaani orodha nyeusi, lina majina ya watu wa kurudishwa. Lakini askari huyo husikia jina tu, wala haoni uso. Mwizi hubadili jina kila siku, na hivyo orodha nyeusi ya majina humpata mara chache. Tena huweza kujitwalia jina la rafiki, naye akapita katika orodha nyeupe.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1997 Paul Vixie alianzisha orodha ya namba za mashine zinazotoa barua taka badala ya majina ya watu. Njia hiyo ilisaidia sana, ila ina kasoro: ofisi nyingi huweza kutumia namba moja, na kosa la mmoja likawaadhibu wote.

Yapo marekebisho manne yafaayo. Kwanza, orodha nyeupe iandikwe anwani kamili. Anayeruhusu «gmail.com» yote amewafungulia mlango mamilioni ya watu asiowajua. Anayeruhusu jina la ofisi yake mwenyewe amekosea zaidi, maana ndilo wezi hupenda kuliiga.

Pili, jina liandamane na kitambulisho. Tangu mwaka 2007 upo utaratibu uitwao DKIM, ambao kwao mashine ya mpelekaji hutia barua sahihi kwa ufunguo wa siri, na mashine ya mpokeaji huihakiki kwa ufunguo uliotangazwa hadharani. Jina lililomo orodhani lisipitishwe ikiwa sahihi hiyo ni batili au haipo.

Tatu, kila namba katika orodha nyeusi iwe na muda wa kukoma, kwa kuwa mashine iliyoambukizwa jana huweza kutibiwa leo.

Nne, barua yenye shaka isifutwe, bali iwekwe kando ili mtu aikague.

Hata hivyo, chujio halimwondolei mtu wajibu wake. Rafiki wa kweli huweza kuibiwa anwani, na sahihi ikawa halali. Barua ikitaka fedha zipelekwe katika akaunti mpya, mwenye ofisi na apige simu kwanza, kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani.