Anayechekwa Akikaribishwa Kuketi

Desemba 1973, mchekeshaji Johnny Carson alisimama mbele ya kamera za NBC akafanya mzaha kuhusu karatasi za chooni. Mbunge mmoja alikuwa ameonya kwamba huenda serikali ya Marekani ikapungukiwa na bidhaa hiyo, na wananchi walikuwa tayari na wasiwasi kwa sababu mafuta ya petroli yalishaadimika. Carson akatia chumvi: karatasi za chooni zinakwisha nchini. Kulipokucha watu walimiminika madukani, wakabeba kila walichokikuta. Uhaba ambao haukuwepo ukawepo. Ilimbidi Carson arudi hewani kueleza kwamba alikuwa anatania tu.

Kisa hicho husimuliwa sana kuonyesha nguvu ya mchekeshaji wa usiku. Ni kisa kizuri, ila kinatupeleka upande mmoja. Kwa anayevitazama vipindi hivi kwa jicho la kazi, mizaha ya kusimama ni nusu tu ya kipindi, tena nusu rahisi. Ugumu unaanza pale mchekeshaji anapokwenda kuketi nyuma ya meza yake na kumwita mgeni.

Umbo lenyewe halijabadilika sana tangu Steve Allen alipoanza kuendesha The Tonight Show mwaka 1954. Taarifa ya habari ya usiku ikiisha, bendi inapiga, mwenyeji anatoka nyuma ya pazia, anasimama na kuzipitia habari za siku kwa kejeli. Halafu meza, kochi, mgeni wa kwanza, wa pili, mwanamuziki, kwaherini. Kinachorushwa saa 5:35 usiku huwa kimerekodiwa mapema jioni hiyohiyo mbele ya hadhira, na waandishi wake huwa wameanza asubuhi kuchambua habari, wakitupa mizaha mingi kuliko wanayoibakiza. Ndiyo maana waandishi wa filamu na televisheni walipogoma Mei 2023, vipindi hivi vilizimika mara moja. Tamthilia zilikuwa na akiba ya miezi. Kejeli ya jana haina mnunuzi.

Mahojiano nayo huonekana kama soga la ghafla. Sivyo. Siku kadhaa kabla, mtayarishaji humpigia mgeni simu, humsikiliza visa vyake, huchagua vitatu au vinne vyenye kuchekesha na kuvipanga kwenye kadi. Mwenyeji anapouliza, kana kwamba limemjia sasa hivi, kama ni kweli mgeni alipotea akiwa likizoni, jibu analijua tangu juzi. Staa hulipwa kima cha chini kilichokubaliwa na chama cha waigizaji, fedha ambayo kwake ni ya kunywea chai. Hakufuata malipo, amekuja kuuza filamu inayotoka Ijumaa. Kipindi kinapata sura ya kuvuta watazamaji, kampuni ya filamu inapata tangazo la bure, na faida ya kochi ndiyo inayosaidia kugharamia kejeli za mwanzoni. Biashara hiyo haimuumizi mtu maadamu mgeni ni mwigizaji au mwimbaji.

Mwanasiasa ni habari nyingine, kwa kuwa huyo ndiye aliyekuwa akichekwa dakika kumi zilizopita. Kwa nini aje? Watanzania wana mahali pazuri pa kulitazamia swali hili, yaani utani wa makabila. Mhehe akimzodoa Mngoni hata msibani hakuna wa kununa, kwani haki hiyo inajulikana na kesho zamu itageuka. Kejeli ni kitu tofauti: inatoka chini kwenda juu, na anayepigwa hana ruhusa aliyoitoa. Mwanasiasa anayekwenda kuketi kochini anataka kuigeuza kejeli iwe utani. Akicheka pamoja na ukumbi, akijitania kidogo, mshale unabaki mkononi mwa mpigaji na yeye anatoka na makofi.

Waliligundua hilo mapema. Mwaka 1960, John Kennedy na Richard Nixon wote wawili walikwenda kuketi na Jack Paar, mwenyeji wa The Tonight Show wakati huo. Nixon, baada ya kushindwa urais na kisha ugavana wa California, alirudi kwa Paar mwaka 1963 akapiga piano, na mtu aliyeonekana mkavu kama gogo akaonekana ana damu. Juni 1992 Bill Clinton alivaa miwani myeusi akapuliza saksofoni kwa mwenyeji mwingine, Arsenio Hall. Agosti 2003 Arnold Schwarzenegger alikwenda kwa Jay Leno wa The Tonight Show, akatangaza hapohapo kwamba anagombea ugavana wa California, jambo ambalo hata watu waliomfahamu hawakulitarajia. Oktoba mwaka huo alishinda.

Aliyeucheza mchezo huu kwa ustadi zaidi, kwa maoni yangu, ni Barack Obama, ingawa alianza kwa kujikwaa. Machi 2009 alikuwa rais wa kwanza aliye madarakani kuketi katika kipindi cha aina hii, akaponyokwa na mzaha kuhusu michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, akalazimika kuomba radhi. Alijifunza. Oktoba 2012, Leno alimwuliza ugomvi wake na Donald Trump umetoka wapi. Trump alikuwa amekazana kueneza uzushi kwamba Obama hakuzaliwa Marekani. Obama akajibu kwamba yote yalianza walipokuwa wakikua pamoja Kenya. Mada iliyotafunwa na magazeti kwa miaka ikamalizwa kwa sentensi moja, na sisi wa huku tulikuwa na sababu yetu ya ziada ya kucheka.

Lakini mwenyeji naye anaweza kulipa gharama ya utani huo. Septemba 2016, wiki chache kabla ya uchaguzi, Jimmy Fallon wa NBC alimwomba Trump ruhusa ya kuzivuruga nywele zake, akazivuruga. Zamani kitendo hicho kingepita. Safari hii Fallon aliandamwa kwa miezi, na Stephen Colbert wa CBS, ambaye alikuwa nyuma yake kwa watazamaji, akampita kwa kuishambulia serikali mpya kila usiku. Nadhani Fallon alionewa kidogo: hakumfanyia Trump lolote ambalo hakuwafanyia wageni wengine. Kosa lake lilikuwa kumpa haki ya mtani mtu ambaye sehemu kubwa ya watazamaji hawakutaka atendewe kama mtani.

Kama kochi lina faida kiasi hicho, basi kuliacha tupu nako kuna adhabu. Hakuna aliyelijua hilo vizuri kuliko John McCain. Septemba 2008, akigombea urais, alitakiwa kuwa mgeni wa David Letterman wa CBS. Saa chache kabla ya kurekodi alipiga simu kuomba udhuru: mabenki yanaanguka, anasitisha kampeni, anakimbilia Washington. Letterman, aliyekuwa akimheshimu waziwazi kama askari aliyewahi kuwa mateka wa vita Vietnam, alilipokea kwa upole. Kipindi kikiwa kinaendelea kurekodiwa, akapata habari kwamba McCain hajaondoka New York. Yupo kwenye studio nyingine ya CBS hiyohiyo, anapakwa poda ili ahojiwe na mtangazaji wa habari Katie Couric. Letterman akaomba picha ya ndani ya studio ile iwekwe kwenye skrini. Hadhira ikamwona mgeni aliyedai kukimbilia mji mkuu akiwa ametulia kitini, anafutwa jasho.

Hakuna mwandishi wa vichekesho ambaye angetunga kitu kama hicho. Kwa wiki kadhaa Letterman hakumwacha. Usiku baada ya usiku udhuru ule ulirudishwa, hadi katikati ya Oktoba McCain alipokuja mwenyewe kuketi na kukiri kwamba alivuruga. Tazama mpangilio wake: kejeli ilikuwa kali kwa kuwa kiti kilikuwa wazi, na ilipoa kiti kilipopata mtu. Sisemi Letterman aliacha kuuliza. Siku ile aliuliza maswali magumu kuliko ya watangazaji wengi wa habari. Ila hasira ya mtu aliyedanganywa haikuwa na pa kukaa tena.

Sheria nayo ilibidi iamue kochi hili ni kitu gani. Marekani, kituo cha televisheni kinachompa mgombea mmoja nafasi hewani kinatakiwa kuwapa nafasi sawa wapinzani wake. Mwaka 1959 Bunge liliondoa katika sharti hilo mahojiano ya kweli ya habari. Je, Leno akiongea na Schwarzenegger, hiyo ni habari? Mwaka 2006 tume ya mawasiliano, FCC, ilijibu ndiyo. Kwa hiyo kipindi kilichozaliwa kuburudisha kikapata kinga iliyowekwa kwa ajili ya waandishi wa habari, bila kubeba wajibu wao wote. Jon Stewart wa The Daily Show aliufahamu utata huo. Kila aliposifiwa kama mwanahabari alijibu kwamba yeye ni mchekeshaji. Kipindi chake kilikuwa kwenye kebo, ambako leseni za masafa hazimgusi.

Jambo hilo la leseni linahitaji kuelezwa, maana bila hilo matukio ya 2025 hayaeleweki. Serikali ya Marekani haitoi leseni kwa shirika kama ABC au CBS kwa jumla. Leseni hupewa vituo vya miji mbalimbali vinavyorusha vipindi vyake, na vingi vinamilikiwa na kampuni nyingine kama Nexstar na Sinclair. Septemba 2025, baada ya mwanaharakati Charlie Kirk kuuawa, Jimmy Kimmel wa ABC alisema maneno kuhusu namna wafuasi wa Trump walivyolipokea tukio hilo. Mwenyekiti wa FCC, Brendan Carr, akatishia hadharani. Nexstar, ambayo wakati huo ilikuwa ikingoja serikali iidhinishe ununuzi wa kampuni nyingine, ikasema haitakirusha kipindi, Sinclair ikafuata, ABC ikamsimamisha Kimmel tarehe 17. Kelele za umma zilikuwa kubwa, akarudi tarehe 23, na vituo vya kampuni zile mbili vikamrudisha siku chache baadaye. Miezi miwili kabla, Colbert alikuwa ameiita hongo fidia ya dola milioni 16 ambayo kampuni mama ya CBS ilikubali kuilipa katika kesi ya Trump. Siku tatu baadaye CBS ikatangaza kwamba kipindi chake kitafungwa Mei 2026. Shirika lilisema sababu ni fedha tu. Fedha kweli zimepungua, hata Seth Meyers wa NBC aliondolewa bendi yake mwaka 2024. Lakini kampuni mama ilikuwa ikingoja idhini ya serikali ili iungane na nyingine, na idhini hiyo ilitoka wiki moja baada ya tangazo. Msomaji atapima mwenyewe.

Bassem Youssef, daktari wa upasuaji wa moyo wa Cairo, angewatazama Wamarekani hao kwa huruma kidogo. Alianza kwenye YouTube mwaka 2011 kwa kumfuata Stewart hatua kwa hatua: meza, koti, vipande vya video, mgeni. Machi 2013, chini ya Rais Morsi wa Misri, aliitwa na mwendesha mashtaka kuhojiwa. Jeshi liliposhika nchi, kituo chake kilimsimamisha. Akahamia kingine, na Juni 2014 akafunga kazi. Alichekesha chini ya tawala mbili, na ya pili ndiyo iliyommaliza.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vijana watatu wa kundi la Redykyulass walimwigiza Daniel arap Moi akiwa bado Ikulu. Mwaka 2009 ukaja The XYZ Show wa mchoraji Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam, uliochukua mfano wa vikaragosi vya Les Guignols vya Ufaransa. Kikaragosi kinaondoa lile tatizo la kochi: rais unamtengeneza kwa mpira, unamketisha unapotaka, na hana msemaji wa kupiga simu kuomba udhuru. Hasara yake ni kwamba hatapata kukujibu kitu ambacho hukukiandika.

Kwa sasa wanasiasa wa Marekani wamepata kochi lingine. Oktoba 2024 Kamala Harris alikwenda kwa Colbert, wakafungua bia pamoja. Mwezi huohuo Trump aliketi kwa muda wa karibu saa tatu na Joe Rogan katika podikasti, bila hadhira, bila bendi, na bila mtu aliyesimama kwanza kumcheka. Mastaa nao wamekwisha kuzizoea studio za aina hiyo, ambako filamu inauzwa kwa saa nzima badala ya dakika saba, na mwenyeji hahitaji chumba kilichojaa waandishi. Zinazokosa mteja ni zile dakika za kusimama.