Nani Aliyemtuma Muuaji?

Usiku wa mwezi mpevu wavuvi wa Rumonge hawana kazi nyingi. Ndagala huvutwa kwa taa, na mwezi ukishaangaza ziwa zima taa hupoteza nguvu yake. Mitumbwi hulala ufukoni na mazungumzo huwa marefu. Kila inapokaribia tarehe 13 Oktoba, ambayo ni siku ya mapumziko katika Burundi nzima, mazungumzo hayo hugeuka kuwa upelelezi. Kila mtu huwa askari kanzu, mwenye shahidi wake na mshtakiwa wake, na kesi inayosikilizwa ni moja tu: ya Mwanamfalme Louis Rwagasore.

Yafaa kwanza tukumbushane yale yasiyo na ubishi. Rwagasore, mtoto wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alizaliwa Gitega mwaka 1932. Alisoma Astrida, kisha Ubelgiji, na aliporudi alianzisha vyama vya ushirika vya wafanyabiashara kabla ya kukiongoza chama cha UPRONA. Waswahili wa Buyenzi na wa mwambao walikuwa miongoni mwa waliomfuata mapema. Katika uchaguzi wa 18 Septemba 1961 UPRONA ilipata viti 58 kati ya 64, naye akawa Waziri Mkuu. Hata mwezi mmoja haukutimia tangu siku ya uchaguzi. Usiku wa 13 Oktoba, akiwa mezani katika Hoteli Tanganyika, kando ya ziwa mjini Usumbura, alipigwa risasi kutoka gizani akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 29.

Aliyefyatua bunduki alipatikana upesi. Alikuwa Mgiriki, Jean Kageorgis, naye aliuawa kwa hukumu ya mahakama tarehe 30 Juni 1962, siku moja tu kabla ya uhuru. Baada ya uhuru kesi ilisikilizwa tena, na tarehe 15 Januari 1963 watu wengine watano walinyongwa hadharani Gitega. Miongoni mwao walikuwa ndugu wawili, Jean-Baptiste Ntidendereza na Joseph Biroli, wakuu wa chama cha PDC kilichoshindwa uchaguzi. Ndugu hao walitoka katika ukoo wa Batare, ilhali Rwagasore alitoka katika ukoo wa Bezi. Na uhasama wa koo hizo mbili za kiganwa ulikuwapo kabla ya vyama vya siasa kuzaliwa.

Ikiwa watu sita walikwisha kufa kwa kosa hilo, barazani bado wanapeleleza nini? Wanapeleleza swali ambalo kamba ya Gitega haikulijibu: je, walionyongwa ndio waliokuwa mwisho wa njia, au nyuma yao alikuwapo mwingine? Wakati wa mauaji nchi ilikuwa bado chini ya udhamini wa Ubelgiji, na wakubwa wa serikali hiyo hawakuficha kwamba walipendelea PDC. Miongoni mwa washtakiwa walikuwapo waliodai kwamba maofisa wa Kibelgiji waliwapa moyo. Umoja wa Mataifa ulituma tume yake kuchunguza. Mwezi Oktoba 2018 Serikali ya Burundi iliitaja Ubelgiji waziwazi kuwa ndiyo iliyoagiza mauaji hayo.

Hapo ndipo wapelelezi wa ufukoni hugawanyika. Yuko anayeshikilia tarehe. Tarehe 15 Januari 1965 Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe, aliyekuwa rafiki na mwenzi wa Rwagasore katika siasa, alipigwa risasi akitoka hospitali mjini Bujumbura. Hesabu, mwenzangu: ni miaka miwili kamili tangu watu watano waliponyongwa Gitega! Hoja hiyo huwatia wasikilizaji baridi, nami nakiri kwamba ina mvuto. Lakini tarehe kulingana si ushahidi. Inampa mpelelezi sababu ya kuuliza, wala haimpi jina la mtu. Waliokamatwa kwa kifo cha Ngendandumwe waliachiwa baadaye, na kesi ile imebaki wazi kuliko hata hii.

Rumonge ina sababu yake ya kuogopa majina yanayotajwa ovyo. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi uliwaka hapa hapa mwambaoni, Rumonge na Nyanza-Lac, na raia wengi wakauawa. Ukandamizaji uliofuata uliua watu wengi zaidi, nchi nzima. Wengi walichukuliwa kwa kutajwa tu kwamba ni washiriki wa waasi. Hapakuwa na hakimu, wala shahidi, wala siku ya kujitetea. Familia zinazosikiliza mazungumzo ya ufukoni leo zina makaburi ya wakati huo, na nyingine hazina hata kaburi. Kwa hiyo anayesema "fulani ndiye" katika mji huu hachezi mchezo wa maneno.

Je, basi raia asiye polisi wala hakimu anyamaze? La, hasha. Mwaka 1999 Ludo De Witte, mwanachuoni wa Kibelgiji, alichapisha kitabu juu ya kuuawa kwa Patrice Lumumba huko Katanga tarehe 17 Januari 1961. Alikuwa amepekua nyaraka ambazo wakubwa wa nchi yake walipenda zilale. Bunge la Ubelgiji likalazimika kuunda tume, na mwaka 2002 serikali ya nchi hiyo ikaomba radhi. Mtu huyo huyo alitoa kitabu juu ya Rwagasore mwaka 2021, na kabla yake mwandishi wa habari Guy Poppe alikwisha kuchunguza kesi hiyo. Kilichowapa nguvu ni karatasi zenye tarehe na sahihi, ambazo mwingine anaweza kwenda kuzisoma na kuwapinga.

Karatasi za Brussels haziwezi kufikiwa na mama anayekaanga mikebuka Rumonge. Lakini nyumba nyingi za mwambao zina hazina nyingine inayopungua kila mwaka. Aliyekuwa na miaka 15 usiku ule wa 1961 sasa amefika miaka 80. Mtoto anaporudi shuleni mwezi Oktoba akiuliza nani alimuua Rwagasore, asipewe jibu la mkato. Apewe daftari, apelekwe kwa babu au bibi. Asianze kwa kuuliza nani alimtuma muuaji, kwani hilo babu alilisikia barazani kama sisi sote. Amwulize: Ulikuwa wapi habari ilipofika? Nani aliileta, kwa redio au kwa mdomo? Soko lilifungwa? Watu walimtaja nani siku hiyo hiyo, na walibadili maneno lini?

Yaliyoonwa kwa macho yaandikwe ukurasa mmoja, yaliyosikiwa ukurasa wa pili, pamoja na jina la mzee na tarehe ya mazungumzo. Akisema hakumbuki, nalo liandikwe. Daftari lisiwekwe jikoni, maana moshi wa mawese hula wino.