Taa ya Injini Ikiwaka, Tusikimbilie Kununua Vipuri

Kwa takriban miezi miwili gari letu la nyumbani, dogo la CC 1500, lilikuwa likitetemeka kila liliposimama kwenye foleni ya kuingia kisiwani. Likiwa mwendoni hatukuona tabu kubwa. Taa ya manjano ya injini nayo ilikuwa haizimiki. Fundi wa kwanza alichomeka mashine ya kupimia, akasoma P0171, akatoa hukumu papo hapo: sensa ya oksijeni imekufa. Tukanunua. Siku ya tatu taa ikarudi. Tukanunua plagi, kisha koili, hata fedha zilizowekwa kwa ajili ya karo zikaanza kuguswa, na mama mzaa chema akawa hataki tena kupelekwa kliniki kwa gari hilo.

Ndugu msomaji, P0171 haisemi kwamba sensa ni mbovu. Inasema kwamba mchanganyiko una hewa nyingi na petroli kidogo. Petroli ya kawaida huungua sawasawa kwa uzito wa hewa 14.7 kwa 1 ya petroli. Sensa iliyomo kwenye ekzosi ni shahidi tu: ionapo oksijeni imesalia kwenye moshi, huipasha habari kompyuta, nayo kompyuta huongeza petroli. Kiasi inachoongeza huandikwa kwa asilimia. Asilimia chache juu au chini ya sifuri si ajabu, lakini ikishafika 20 na zaidi, kompyuta imechoka kufidia na taa huwaka. Kumfukuza shahidi kwa sababu ya ushahidi wake ndilo kosa tulilolifanya sisi.

Fundi wa pili, mzee wa maneno machache, hakugusa spana. Aliliacha gari lingurume bila kwenda, akasoma nyongeza ya asilimia 27. Akapandisha mzunguko hadi 2500 kwa dakika, nyongeza ikashuka hadi 6. Akafunga mashine yake na kusema: "Kuna mahali inavuta hewa ya wizi."

Hoja yake ni hii. Gari likiwa limesimama, mlango wa hewa wa injini huwa karibu umefungwa. Mvuto ndani ya manifoldi huwa mkali na hewa yote inayoingia ni kidogo, kwa hiyo ufa mdogo huleta sehemu kubwa ya hewa hiyo, tena isiyopita kwenye kipimo. Ukikanyaga mafuta, hewa halali huwa nyingi na ile ya ufa haina uzito tena. Lau hesabu ingekuwa kinyume, yaani nyongeza ikizidi kadiri gari linavyopanda mlima, basi angeshuku pampu iliyochoka, chujio la petroli lililoziba, au uchafu kwenye waya mwembamba wa kipimo cha hewa, unaofanya kisome pungufu. (Hapo ndipo hupimwa presha ya petroli, na waya huo husafishwa kwa dawa yake maalumu, si kwa kitambaa.) Na ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa huingiza hewa ya nje, ikamfanya shahidi aseme uongo bila kukusudia. Hali kadhalika silinda isiyochoma.

Gereji kubwa hutafuta ufa kwa mashine ya moshi. Wako wanaopuliza dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini iliyo moto. Mimi siipendi njia hiyo, kwani dawa yenyewe ni moto mtupu. Mzee yule alinyunyiza maji kidogo kwenye mipira ya hewa, mbali na koili. Alipofika nyuma ya injini, mngurumo ukabadilika. Mpira wa kupumulia mvuke wa oili ulikuwa umekauka kwa joto na kupasuka upande wa chini, usikoonekana ila kwa kioo na tochi.

Asiseme mtu kwamba kutetemeka ni jambo dogo. Silinda ikikosa kuchoma, petroli isiyoungua huenda kuunguzia ndani ya kichujio cha ekzosi na kukiyeyusha. Na pale ambapo upungufu unatokana na pampu, injini hunyimwa petroli wakati inapoihitaji mno, yaani katikati ya kulipita lori.

Mpira mpya uligharimu sehemu ndogo sana ya bei ya sensa. Nyongeza sasa ni asilimia 3, gari likisimama na likienda. Ile sensa ya zamani mzee aliipima pia. Ilikuwa nzima, na mpaka leo imo kwenye droo ya jikoni.