Kuunganisha lupu bila kudhoofisha sauti

Vipande vinne vya muziki, kila kimoja kikivuma vizuri peke yake, huweza kuzaa wimbo mnyonge pindi vinapounganishwa. Ngoma iliyokuwa ikitikisa madirisha husikika kana kwamba inapigwa nyumba ya jirani. Mara nyingi kosa haliko kwenye vifaa. Liko kwenye hesabu.

Vipande hivyo vinavyojirudia, ambavyo watayarishaji wa muziki huviita lupu, ni msingi wa sehemu kubwa ya muziki wa leo. Programu ya FruityLoops, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 1997 na kubadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003, ilikuwa miongoni mwa nyenzo zilizowawezesha vijana wa Dar es Salaam kutengeneza Bongo Flava kwa kompyuta moja, pasipo kuhitaji bendi nzima.

Sauti ni namba

Ndani ya kompyuta, sauti huhifadhiwa kama mfululizo wa namba. Katika CD, namba hizo haziwezi kupanda juu ya 32,767 wala kushuka chini ya -32,768.

Tuseme kwa nukta moja ya wakati ngoma imefika 20,000, na gitaa la besi nalo 20,000. Jumla yake ni 40,000, ambayo haina pa kuwekwa. Kinachozidi hukatwa, na sikio husikia mkwaruzo. Wimbo ukishahifadhiwa hivyo, kupunguza sauti baadaye hakusaidii: mkwaruzo unabaki palepale, ila kwa sauti ndogo.

Ili kuepuka balaa hilo, baadhi ya programu hugawanya jumla kwa idadi ya lupu. Zikiwa mbili, kila moja hubaki nusu, yaani hushuka kwa desibeli 6. Zikiwa nne, kila moja hubaki robo, ambayo ni pungufu ya desibeli 12. Mgawanyo huo unaweza kuendelea hata pale lupu nyingine zinapokuwa kimya, hivyo ngoma inayopiga peke yake kwa 20,000 hutoka ikiwa 5,000. Hapo ndipo unyonge unapoanzia.

Kujumlisha, si kugawanya

Dawa ya kwanza ni kujumlisha bila kugawanya, katika programu inayotumia namba za desimali za biti 32. Audacity, ambayo hupatikana bila malipo, ni mojawapo. Katika mfumo huo, jumla ikivuka mpaka haikatwi papo hapo, na yaweza kushushwa kabla ya wimbo kuhifadhiwa kwa mara ya mwisho.

Pili, kila lupu ipunguzwe sauti kabla ya kuunganishwa. Lupu nyingi zinazouzwa zimejazwa hadi ukingoni ili zivutie zikisikilizwa peke yake. Mitungi minne iliyojaa haiwezi kumiminwa katika mtungi mmoja wa ukubwa uleule.

Hata hivyo, punguzo hilo halihitaji kuwa kubwa mno, kwa kuwa vilele vya sauti tofauti aghalabu havikutani. Sauti mbili zinazofanana kabisa huongeza desibeli 6. Mbili tofauti zenye nguvu sawa huongeza takriban 3 tu.

Kila sauti na nafasi yake

Ngoma kubwa na besi hugombania sauti za chini kabisa. Gitaa na kinanda vikipunguziwa sauti hizo za chini, ambazo havizihitaji sana, wimbo hupata nafasi bila ngoma kuguswa.

Wakati mwingine mawimbi ya lupu mbili huenda kinyume, moja likipanda huku jingine likishuka, na yakafutana. Njia rahisi ya kugundua hilo ni kuusikiliza wimbo kupitia spika moja, kama utakavyosikika kwenye redio ndogo. Besi ikitoweka, tatizo ni hilo.

Hatua ya mwisho

Pigo moja kali la ngoma laweza kuzuia wimbo mzima usipandishwe. Hapo hutumika limita, kifaa au programu inayokishusha kilele hicho kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha wimbo wote ukapandishwa. Ni busara kuacha desibeli moja chini ya mpaka, kwani kuugeuza wimbo kuwa MP3 huweza kuinua vilele tena.

Kuzidisha limita nako kuna gharama yake, kwa sababu mapigo hupoteza uhai. Isitoshe, Spotify na YouTube huzishusha zenyewe nyimbo zenye sauti kubwa mno, kwa hiyo aliyeubana wimbo wake kupita kiasi hafaidiki.

Muhimu kuliko yote, lupu za awali zihifadhiwe kila moja katika faili lake. Mchanganyiko ulioharibika hauwezi kurudishwa kikamilifu katika hali ya mwanzo, lakini mwenye vipande vyake anaweza kuanza upya siku yoyote.