Eksesi ya Bima ya Gari na Hesabu Inayosahaulika

Katika hati ya bima kubwa ya gari, yaani bima inayofidia uharibifu na wizi wa gari lenyewe pamoja na madhara yanayowafika watu wengine barabarani, kuna kifungu kifupi ambacho wamiliki wengi wa magari nchini Kenya hukisoma kwa mara ya kwanza baada ya ajali. Kifungu hicho hutaja eksesi, ambayo ni sehemu ya hasara anayojilipia mwenye gari kabla kampuni haijaanza kulipa. Gharama ya ukarabati ikiwa shilingi 90,000 na eksesi ikiwa 30,000, kampuni hulipa 60,000. Gharama ikiwa 25,000, kampuni hailipi chochote, na mwenye gari aliyekwisha kutoa ada ya mwaka mzima hulazimika kumalizana na gereji peke yake.

Mpango huo una mantiki yake, ingawa wateja wengi huuona kuwa ni hila. Dai dogo la taa iliyovunjika huhitaji fomu, mkadiriaji wa hasara na karani wa kulishughulikia kama vile dai kubwa linavyohitaji, na kampuni ikilazimika kuyapokea madai hayo yote, gharama zake hurudi kwa wateja kupitia ada. Aidha, dereva anayejua kwamba kila mkwaruzo utamgusa mfukoni huwa mwangalifu zaidi. Mwaka 1963 mwanauchumi wa Marekani Kenneth Arrow, katika makala yake kuhusu uchumi wa matibabu, alionyesha kwamba maadamu ada ya bima imebeba pia gharama za uendeshaji, bima inayomfaa zaidi mnunuzi ni ile inayomwachia hasara ndogo na kumfidia kikamilifu kwa kila kinachozidi kiwango fulani. Kwa hiyo suala la msingi ni kiwango hicho kiwekwe wapi, na hapo ndipo mwenye gari anapostahili kutulia na kalamu mkononi.

Nchini Kenya, eksesi ya uharibifu wa gari la binafsi kwa kawaida huhesabiwa kutokana na thamani ya gari iliyoandikwa kwenye hati, wala si kutokana na ukubwa wa hasara. Kiwango kinachokutwa mara kwa mara ni asilimia 2.5 ya thamani hiyo, pamoja na kima cha chini ambacho mara nyingi ni shilingi 15,000, ijapokuwa kila kampuni ina masharti yake. Gari la shilingi 1,200,000 basi huwa na eksesi ya 30,000, hata kama kilichoharibika ni bampa tu. Kima cha chini nacho humwelemea mwenye gari la bei nafuu, kwa sababu asilimia 2.5 ya shilingi 400,000 ni 10,000, lakini atalipa 15,000. Na kwa kuwa vipuri vya magari yaliyozoeleka hupatikana kwa bei ya chini, hasara zake nyingi za kila siku huishia chini ya eksesi.

Mteja anapopewa nafasi ya kupandisha eksesi ili ada ipungue, au kulipa zaidi ili eksesi ishuke, hesabu inayohitajika ni fupi. Ikichukuliwa kwamba kampuni inapunguza ada kwa shilingi 4,000 kwa mwaka endapo eksesi itapanda kutoka 30,000 hadi 60,000, mwenye gari anaongeza mzigo wa 30,000 ili aokoe 4,000, na ukigawa kiasi cha kwanza kwa cha pili unapata miaka saba na nusu. Anayetarajia kudai fidia mara chache kuliko hivyo atafaidika kwa kupandisha eksesi. Anayepita kila asubuhi katikati ya matatu na bodaboda za Nairobi, huku akikwaruzwa mwaka hadi mwaka, hatafaidika.

Uzoefu wa Marekani unaonyesha kwamba watu huwa na mwelekeo wa kuinunua amani ya eksesi ndogo kwa bei ya juu mno. Mwanauchumi Justin Sydnor, katika utafiti wake wa bima za nyumba uliochapishwa mwaka 2010, alikuta kwamba mteja wa kawaida aliyechagua eksesi ya dola 500 badala ya 1,000 alilipa takriban dola 100 zaidi kwa mwaka, ilhali waliodai fidia katika mwaka hawakufika asilimia 5. Kwa maneno mengine, kinga hiyo ya ziada ilikuwa na thamani isiyofikia dola 25.

Hata hivyo, hesabu ya wastani haitoshi, kwa kuwa eksesi hailipwi kwa wastani. Gari likishatengenezwa katika gereji iliyoidhinishwa na kampuni, mara nyingi halitoki mpaka mwenyewe athibitishe kwamba amelipa sehemu yake, na kila siku linapobaki pale, dereva wa teksi hukosa riziki na mzazi hutafuta nauli ya watoto wa shule. Mtu anayelipa ada yenyewe kwa awamu, na asiye na akiba ya 60,000 anayoweza kuifikia ndani ya wiki moja, hafai kuichagua eksesi hiyo hata kama punguzo linavutia. Inasikitisha kwamba baadhi ya mawakala hutaja ada peke yake wanapompigia mteja simu, na hivyo kumfanya aione hati ya bei ya chini kuwa ndiyo nafuu.

Kampuni nyingi huuza pia kinga ya eksesi, ambayo ni nyongeza ya ada inayoifanya kampuni ibebe sehemu ya mteja. Inapotozwa kwa asilimia 0.25 ya thamani, gari lililotajwa hapo juu hulipiwa shilingi 3,000 kuondoa mzigo wa 30,000, nayo hujilipa iwapo ajali hutokea walau mara moja katika miaka kumi. Kwa dereva wa mjini bei hiyo ni ya haki kabisa; kwa gari linaloegeshwa nyumbani wiki nzima, faida yake ni ndogo.

Kabla ya kuinunua, mteja aulize kama kinga hiyo inahusu pia wizi, kwa maana eksesi ya wizi ni mzigo wa aina nyingine. Hati nyingi hutoza asilimia 10 ya thamani pale gari linapokuwa na kifaa cha kuzuia wizi au cha kulifuatilia lilipo, na asilimia 20 lisipokuwa nacho, hivyo kwa gari hilo hilo la shilingi 1,200,000 tofauti ni 120,000 dhidi ya 240,000. Wapo pia madereva vijana na wenye leseni changa, ambao huongezewa kiasi juu ya eksesi ya kawaida, na familia inayomwachia kijana wake usukani inapaswa kukijumlisha kiasi hicho katika akiba yake. Wakati mwafaka wa kuyauliza haya yote ni hati inapokaribia kuhuishwa, siku ambayo kampuni bado inamhitaji mteja naye bado ana uhuru wa kwenda kwingine.